Mwalimu Aliyetengeneza Kioo cha Gari

Wapendwa, wekeni vitabu vyenu chini kidogo, nina jambo la kuwasimulia.

Kule Tukuyu alikuwako mwalimu mmoja mwenye gari dogo la zamani. Kila Jumapili alikwenda nalo kanisani. Mama yake mzazi alikaa mbele kwa ajili ya magoti yaliyokuwa yanamuuma, mkewe akakaa nyuma.

Kioo cha ndani ya gari hilo, kile cha kutazamia nyuma, kilikuwa kimechoka. Rangi ya mgongoni imebanduka, madoa meusi yamekula hadi katikati, shingo imelegea. Gari likiingia shimo moja tu, kioo kinainama. Mwalimu alishazoea. Akitaka kukata kona anauliza, "Nyuma kuko salama?" Mkewe anageuka, anachungulia, anajibu, "Salama." Wakaenda hivyo zaidi ya mwaka.

Siku moja akiwa peke yake alikata kona, lori la ndizi likampita ubavuni, nusura limfagie. Akaenda moja kwa moja kwa fundi.

Fundi akakigeuzageuza kile kioo. "Mwalimu, humu ulikuwa unaona nini?"

"Kivulikivuli tu."

"Basi ulikuwa huoni."

Hakukitupa. Alitoa kipande kilichokufa, akakata kipande kingine cha kioo, akakisugua kwa tupa mpaka kikaingia kwenye fremu ileile, akaikaza shingo kwa mpira wa tyubu. Mwalimu akatazama, akaona hadi mparachichi wa ng'ambo ya barabara.

Jumapili ikafika. Wakawa wanapita makaburini, njia yao ya kila wiki. Mwalimu akainua macho aone kama kuna lori nyuma. Mnadhani aliona nini? Alimwona mkewe. Analia, mdomo kaufunga, machozi yanashuka mpaka kwenye ukosi wa gauni.

Akaegesha gari pembeni. "Mke wangu, unalia nini?"

"Tukifika hapa huwa nalia. Kila Jumapili."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema Tusekile asitajwe tena."

Tusekile alikuwa binti yao wa pekee. Homa ilimchukua akiwa na miaka saba. Siku ya kumzika, baba yake alisema jina hilo lisisikike tena nyumbani, maana linamuua. Wakatii. Watu wakamsifu mwalimu: mwanamume kajikaza.

Mama yake, pale kiti cha mbele, akasema bila kugeuka, "Mimi nilikuwa namsikia anavyovuta pumzi. Na mimi nilikatazwa, mwanangu."

Mwalimu akazima gari. Wakashuka, wakamvusha bibi mtaro, wakakaa kaburini mpaka saa saba mchana wakimsimulia mtoto wao: alivyopenda mahindi ya kuchoma, alivyoogopa bata. Mwalimu alilia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha. Walipoinuka kurudi alimpa mkewe mkono, akamwita kwa jina ambalo hakuwa amelitumia tangu mazishi: Mama Tusekile.

Ibadani siku ile watu waliulizana, mwalimu wetu leo kapotelea wapi?

Ndugu zangu, sisi nasi tunatengeneza vioo ili tusigongwe. Tunaogopa kinachotufuata. Lakini tuliowabeba wenyewe, nani anawatazama? Tunasema nyumba yangu ina amani, hakuna anayelalamika. Sawa. Kimya hicho nani alikiamuru? Yule baba hakuwa mkatili. Alikuwa anaumia, akadhani akifunga mlango wake maumivu yatabaki nje, kumbe amemfungia mwenzake ndani pamoja nayo.

Tunaye marehemu tuliyekataza asitajwe. Tunaye mtoto aliyeondoka nyumbani kwa ugomvi, na picha yake tukaishusha ukutani. Tumejikaza, tumesifiwa. Nani amelipia kujikaza kwetu?

Wewe baba uliye safu ya tatu, wewe mama, na mimi ninayesema hapa: leo tukifika nyumbani, kabla chakula hakijapoa, tulitaje lile jina. Halafu tunyamaze, mwenzetu aseme.