Kuku wa Nyamizi, Jogoo wa Kalunde

Sogeeni, watoto, kisa kinabisha hodi. Mfungulieni. Haya, kimeingia, kimeketi.

Hapo zamani, zamani ile ya mbali, kabla nchi haijapimwa kwa kamba na kabla reli haijafika, kulikuwa na kijiji kikiitwa Ipuguso, katika nchi ya Wanyamwezi. Siku ya mapatano tutakayoifikia, uani walikuwapo hawa. Tuwataje mmoja mmoja wasije wakachanganyika. Alikuwapo Nyamizi binti Lugwisha, mwenye ua. Alikuwapo Kalunde binti Mhoja, wifi yake, dada wa marehemu mumewe Kasanda. Alikuwapo Msungwe, binti wa Nyamizi, aliyekwisha kuposwa. Alikuwapo mzee Kapama, aliyeitwa awe shahidi. Alikuwapo Madoa, kuku. Alikuwapo Chechemea, jogoo. Basi, hakuna mwingine.

Mnacheka kuku kutajwa pamoja na watu? Ngojeni kwanza.

Mwaka ule ulipita ugonjwa wa kuku, huu tunaouita kideri. Ulipita nyumba kwa nyumba, tundu kwa tundu. Kuku alisinzia asubuhi, jioni amekufa. Ipuguso nzima ikawa kimya, alfajiri haina wa kuitangaza, watu wakachelewa mashambani. Walibaki kuku wawili tu: Madoa kwa Nyamizi na Chechemea kwa Kalunde. Kumpata wa tatu ilikuwa mwendo wa siku nne.

Na desturi ya Ipuguso ilikuwa hii: binti akiolewa hutoka kwao na temba, yaani kuku jike kijana asiyeanza kutaga, amelelewa palepale kwa mama yake. Shangazi ndiye hubeba tenga lake. Bibi harusi asiye na temba, mama mkwe hamfungulii mlango. Arusi ya Msungwe ilikuwa baada ya mavuno. Nyamizi alihesabu miezi, akamtazama Madoa, akaona lazima amwendee wifi yake.

Lakini hawakuwa wakisemezana. Chechemea alikuwa akila mtama wa Nyamizi ulioanikwa, na siku moja Nyamizi alimtupia ukuni ukampata mguuni. Jina la Chechemea lilianzia hapo.

Nyamizi akaenda, akabisha hodi.

"Umekuja kumalizia mguu wa pili?" Kalunde akauliza.

"Nimekuja kuomba jogoo, wifi. Madoa anataka kutaga."

"Alaa! Leo mguu mmoja unatosha?"

"Kwa kazi hiyo unatosha."

Kalunde akacheka bila kutaka, kisha akakaza uso. "Nitamleta. Lakini mayai nusu kwa nusu. Kuku ni wako, ila bila jogoo atalalia mawe."

Nyamizi akakubali. Chechemea akaletwa, Madoa akataga, siku hadi siku, mpaka mayai kumi na mawili. Kalunde akachukua mkaa, akayapaka sita alama. Hayo ndiyo yake.

Siku ile ndipo walipokusanyika uani, wale tuliowataja. Madoa alikuwa amevimbisha manyoya, hatoki kiotani. Kalunde akasema, "Ataatamia siku ishirini na moja. Kumi na moja kwako, kumi kwangu. Kama mayai ni nusu kwa nusu, joto nalo liwe nusu kwa nusu. Akikaa kwako siku zote, kesho utasema vifaranga ni wa nyumba yako."

Nyamizi alitaka kubisha. Lakini alikumbuka ukuni, akaogopa Kalunde asije akamrudisha jogoo kwake pamoja na yale mayai sita. Akakubali.

Mzee Kapama, aliyefuga kuku tangu utoto, akakohoa. "Kuku anayeatamia hahamishwi," akasema. "Ukimhamisha, mhamishe gizani, na kiota chake chote chini yake."

"Babu, sisi tumekuita uwe shahidi wa hesabu," Kalunde akajibu. "Hatukukuita utufundishe kuku."

"Basi nimeshuhudia," akasema Kapama, akachukua mkongojo wake.

Siku ya kwanza Madoa akaatamia. Siku ya pili akaatamia. Alitoka mara moja kwa siku, akanywa maji, akajichafua mavumbini, akarudi mbio. Siku ya kumi na moja ikaisha. Siku ya kumi na mbili, jua kichwani, Kalunde akaja na kapu. Akatia mayai ndani, akamkwapua Madoa, akaenda zake. Nyamizi alisimama mlangoni akatazama kapu likienda. 

Kwa Kalunde kiota kilikuwa kipya, majani mazuri, mahali pasafi. Madoa alikikanyaga, akapiga kelele, akatoka. Mnajua alikwenda wapi? Kwa Nyamizi. Akaingia pembe yake ileile, akalala juu ya majani matupu, hana hata yai moja, amefumba macho.

Kalunde akaja, akamchukua. Madoa akarudi. Kalunde akaja tena, akamchukua, akamfunika kwa tenga juu ya mayai. Humo ndani akapiga mateke mpaka mayai mawili yakapasuka, moja la mkaa na moja lisilo na mkaa. Tenga likapinduka, Madoa akarudi kwake.

Nyamizi alikaa na kuku asiye na mayai. Nusu saa nzima alikaa hivyo. Kumfuata wifi yake hakuthubutu, maana ahadi ni ahadi. Msungwe akamwambia, "Mama, yanapoa." Akajibu, "Najua yanapoa. Nyamaza."

Ndipo ikasikika hodi.

"Nani?"

"Nani mwingine anatembea na mimba uzeeni?" Kalunde alikuwa mlangoni, amefunga kaniki tumboni, mayai kumi yamegusana na ngozi yake. Alitembea kwa kunyata kama mtu aliyekanyaga miba.

"Na siku zako kumi, wifi?"

"Kuku amezikataa. Nipishe, Nyamizi, nisije nikaangua mimi."

Wakayapanga chini ya Madoa, moja baada ya moja. Madoa akayasogeza kwa mdomo, la mkaa na lisilo na mkaa, akatulia. Tangu siku hiyo Kalunde alikuja kila asubuhi, akakaa mlangoni. Wa kwanza kusema alikuwa Nyamizi. Alisema, "Ule mguu wa jogoo, nilikosea." Kalunde akajibu, "Na mtama alikula. Mwingi tu." Yakaishia hapo.

Siku ya ishirini na moja, kimya. Nyamizi hakula. Siku ya ishirini na mbili, mayai yakaanza kulia ndani. Wakatoka vifaranga wanane. Mayai mawili yalikuwa viza. Kalunde akaokota maganda, akayatazama.

"Hili la mkaa. Hili la mkaa. Langu hili. Sasa kifaranga wake yuko wapi?"

"Yuko pale," akasema Nyamizi.

"Pale wapi?"

Wote wanane walikuwa chini ya mbawa, wanatoa vichwa na kuviingiza. Mzee Kapama, aliyekuja kutazama, akasema, "Mkaa mliupaka kwenye ganda." 

Wakawalea pamoja. Wakatega mchwa kwa chungu kilichopinduliwa kifudifudi, mavi ya ng'ombe ndani yake, wakawalisha. Mwewe alichukua wawili. Baada ya mavuno Msungwe akatoka kwao na temba mwenye madoa, tenga likiwa kichwani kwa shangazi yake. Mama mkwe akafungua mlango.

Na fundisho ndilo hili, watoto: kuku anayeatamia mwacheni alipo, na kinacholelewa na wengi msikigawe kabla hakijatoka. Ipuguso hata sasa mayai ya jirani hulaliwa kwa jirani, wala hayapakwi mkaa.

Kisa kimeingia tunduni, komeo limesukumwa. Aliyebaki nje ni wa mwewe.

Mnauliza Nyamizi? Nyamizi alikufa mwaka wa saba baada ya hapo, wakati wa kupura mtama. Kesho yake asubuhi Kalunde ndiye aliyewafungulia kuku wake.