Jeshi Lililokwenda Vitani na Majembe

Hapo zamani, enzi ambazo mfalme akipiga chafya mji mzima huitikia "Afya!", aliishi katika nchi ya Bungara fukara mmoja jina lake Machano. Hakuwa na shamba wala mbuzi. Alikuwa na mke, Bi Mize, na ulimi, na vyote viwili vilikuwa vikali.

Basi ng'ambo ya mto kulikuwa na nchi ya Usheni, na mfalme wake, Kiluwa, alipenda usingizi kupita kiasi. Akatoa amri kwamba moshi usitoke jikoni mwa mtu yeyote kabla yeye hajaamka, naye huamka adhuhuri. Watu wakavumilia, watoto wakilia njaa tangu alfajiri, hata uvumilivu ukawaishia. Wakanyanyuka na michi na miko, wakamzingira ngomeni mwake. Ikawa vita. Watu wakaumizana, mashamba yakaota magugu.

Kiluwa akatuma mjumbe kwa Sultani Madi wa Bungara: "Nisaidie, raia wameniasi." Mjumbe yule hajamaliza kunywa maji, akaingia mjumbe wa raia: "Tusaidie, mfalme ametuonea."

Sultani akaketi barazani, akapima hivi, akapima vile. Amiri Mataka, mkuu wa jeshi, akasema, "Twende, Maulana! Tumpige yeyote; panga zinaota kutu."

Waziri akasema, "Tukimsaidia mfalme, raia wake watatuchukia. Tukiwasaidia raia, raia wetu watajifunza."

Baraza likagawanyika, wazee wazima wakashikana ndevu. Machano alikuwa mlangoni akingojea makombo ya pilau. Akashindwa kujizuia, akacheka.

"Nani huyo achekaye?" akanguruma Sultani.

"Ni mimi, Maulana. Nimestaajabu kuona vita vimeshavuka mto bila mtumbwi."

Sultani akawaka. "Kwa kuwa wewe ndiwe mwerevu, nakupa jeshi langu. Uwasaidie wote, mfalme na raia. Asife hata kuku wa mtu, nami nipate faida. Ukishindwa, kichwa chako kitalala mbali na shingo yako."

Machano akaipapasa shingo yake. Hata hivyo akauliza, "Maulana, naruhusiwa kufuata maneno ya wahenga?"

"Wafuate hata kaburini!"

Akarudi nyumbani akamweleza mkewe. "Ulimi huo!" akalia Bi Mize. "Sasa utafanyaje?"

"Sijui, mke wangu. Najua methali moja tu."

Kulipokucha akawapanga askari, akazifungia panga na mikuki ghalani, akampa kila mtu jembe. Amiri Mataka akapewa kubwa kuliko yote.

"Silaha gani hii?" akafoka.

"Amri ya Sultani, Amiri."

Wakateremka hadi ukingoni, upande wao wenyewe wa mto, wakiimba nyimbo za vita, wakaanza kulima. Wakapanda mtama. Viganja vya Amiri vikatoka malengelenge, akalaani ukoo mzima wa Machano. Naye Machano, kila ngoma ilipolia ng'ambo, alijishika shingo. Lakini kwa Sultani akapeleka habari njema: "Tunasonga mbele, Maulana! Ardhi imo mikononi mwetu!" Sultani akafurahi, akaamuru vigelegele.

Kule Usheni, Kiluwa alichungulia dirishani akaona jeshi na vumbi, akasema, "Maskini mimi! Wamekuja kuwasaidia raia." Raia nao wakasema, "Tumekwisha! Wamekuja kumsaidia mfalme." Mwanamke mmoja mwenye mchi akapaza sauti, "Ewe Kiluwa! Wageni hawa wakivuka, hapatasalia jiko wala kitanda!"

"Hata mimi naliona hilo, mama," akajibu mfalme.

Basi wakazungumza dirishani mpaka jua likachwa, wakaafikiana: moshi utoke alfajiri, mfalme alale apendavyo, na chakula chake kifunikwe kawa.

Mtama ulipokomaa, Sultani akaja juu ya farasi kuitazama nchi aliyoiteka. Akakuta masuke, na Amiri wake akifukuza ndege.

"Viko wapi vita vyangu?"

"Maulana, wahenga walisema, ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Nami nimelima."

"Na wakipatana?" akauliza Sultani, mkono u juu ya upanga.

Kabla Machano hajajibu, mitumbwi ikafika ukingoni. Alishuka Kiluwa, na raia wake nyuma, wamebeba mizigo ya chumvi na asali. "Tumepatana," wakasema, "ila ghala zetu tupu. Tubadilishieni nafaka, jirani zetu."

"Wakipatana," akasema Machano, "chukua kapu ukavune."

Sultani akamtazama mfalme, akawatazama raia, akaionja asali. Akaanza kucheka, akacheka hata kilemba kikamdondoka, farasi naye akalia. "Omba utakacho, fukara wewe!"

"Naomba shamba hili, Maulana, na Amiri Mataka anisaidie palizi. Hapalilii mtu kama yeye."

Amiri akafungua kinywa akatae. Kisha akaupapasa mtama alioupanda kwa mkono wake, akaenda kutafuta kapu.

Hapo ndipo nilipoishia mimi. Aliyeshiba na anawe, mwenye njaa na asimulie yake.