Koki ya Tatu

Sogeeni. Hadithi hii haina sungura wala fisi. Ina watu watatu, mkataba na maiti mmoja, na mwishoni nitataka jibu. Anayejiandaa kuniambia "inategemea" aondoke sasa hivi, nafasi yake akae mwingine.

Kando ya ziwa palikuwa na kiwanda cha minofu ya sangara, na ndani yake watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza ni Bugingo, mpasuaji. Yeye alikuwa na pua. Usicheke, najua kila mtu ana pua, lakini ya kwake ilikuwa inafanya kazi. Samaki akipita mezani, Bugingo anakwambia huyu amelala barafuni siku mbili, huyu siku nne, na aliyewaleta amekudanganya. Wenzake walimwita Mbwa wa Polisi, naye akaitika.

Wa pili ni Nshoma, mfagizi. Yeye alikuwa na kumbukumbu. Miaka sita alifuta mabomba ya mtambo wa kugandisha, na bila kufundishwa na mtu alijua kila bomba linaanzia wapi na linaishia wapi, kama mama wa mtaani anavyojua mtoto gani ni wa nyumba gani. Fundi mwenyewe akichanganyikiwa alikuwa anamwuliza, kisha anamnong'oneza, "Meneja asijue."

Wa tatu ni Machumu, mlinzi wa geti, mtu mwenye mvi. Yeye alikuwa na pumzi. Ujanani alikuwa akizamia kuopoa injini za boti zilizozama, na alikaa chini ya maji mpaka walioko juu wakaanza kumlilia. Uzeeni pumzi ile ilimpa soda za bure: alishindana na vijana getini, na hakuna aliyewahi kumshinda.

Wote watatu walitia saini mkataba wa namna moja, Nshoma kwa dole gumba. Hakuna aliyewasomea kifungu cha kumi na moja. Nitawasomea ninyi, kwa sababu ndicho kinachouma:

"Mfanyakazi akishtakiwa kwa jinai kwa tendo alilolifanya katika kutimiza kazi yake, kampuni itamwekea wakili mpaka kesi iishe. Kwa tendo moja kampuni itaweka wakili mmoja. Tendo likiwa nje ya kazi yake, atajitetea mwenyewe."

Kiliandikwa kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Mtu mwenye neno la haki huliandika likaonekana. Tuendelee kabla sijakasirika.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Ukumbini walikuwamo watu arobaini na mmoja na visu vyao. Mlango ni wa chuma, umefungwa kwa nje, maana kampuni iliogopa mtu atoke na mnofu chini ya aproni. Ufunguo anao msimamizi. Msimamizi amekwenda kunywa chai.

Bugingo akaweka kisu chini.

"Nani amekojoa?"

"Wewe mwenyewe, mzee wa pua," jirani yake akajibu, na meza nzima ikacheka.

Bugingo hakucheka. Harufu ile ilimchoma hadi nyuma ya macho. Akatazama juu, kwenye mabomba, akaelewa: ni gesi ya mtambo. Hakuna mwingine aliyekuwa ameisikia bado. Akapiga kelele, "Laleni chini! Lowesheni aproni, zibeni pua!" Walipomwona amelala yeye wa kwanza, uso kwenye maji ya samaki, wakalala. Akaanza kugonga sakafu kwa ubapa wa kisu, na wengine wakagonga. Dakika moja baadaye macho yao wote yalikuwa moto na koo zimebana. Wangekuwa wamesimama, wangekuwa wamekwisha. Na ni yeye aliyetoa neno: "Itoeni nje! Hiyo gesi itoeni nje!"

Nshoma alikuwa humo humo na dekio lake. Akatambaa mpaka kwenye kidirisha cha kupitishia trei, akamkuta Machumu upande wa pili amekuja mbio kwa ule mlio wa visu. Chumba cha mitambo kilikuwa mbele ya Machumu, na gesi imekijaza. Nshoma akafumba macho akaona mabomba yote. Koki ya kwanza kutoka dirisha la chumba hicho ni ya maji. Ya pili hurudisha gesi kwenye tangi, lakini ilishika kutu tangu masika, na fundi alisema atakuja kesho, kesho, kesho. Ya tatu hutoa gesi nje, nyuma ya ukuta.

Nyuma ya ukuta hukaa mzee Masatu, fundi baiskeli. Nshoma alijua. Nyuma yake akasikia mwanamke anakohoa kikohozi cha mwisho mwisho.

"Ya tatu kutoka dirishani, mzee Machumu! Ya tatu! Lakini piga kelele kwanza nyuma ya ukuta!"

Machumu alikuwa ameshavuta pumzi. Mtu aliyeshika pumzi hajibu wala haulizi. Mlango wa chumba kile una maandishi mekundu, mlinzi haruhusiwi. Akaingia amefumba macho, akapapasa, moja, mbili, tatu. Koki ilikuwa ngumu. Akaivuta, ikagoma. Akaivuta tena, kifua kinataka kupasuka, ngozi ya mikono inaungua, ikazunguka. Alitoka akaanguka kwenye majani, na hapo ndipo alipovuta pumzi nyingine.

Msimamizi akafika na ufunguo mkononi na chapati mdomoni. Watu arobaini na mmoja wakatoka wakikohoa, wazima.

Nyuma ya ukuta, mzee Masatu alikuwa amelala kando ya tairi aliyokuwa akiiziba. Kila asubuhi Machumu alikuwa anakunywa naye kahawa.

Wiki ile ile wakaitwa kituoni watatu: aliyesema, aliyeonyesha, aliyezungusha. Kosa lao moja, kuua bila kukusudia. Wakaandikwa, wakachukuliwa alama za vidole, wakatolewa kwa dhamana.

Hapo vipaji vyao vikawageuka. Bugingo akawa anaisikia ile harufu kwenye chai, kwenye mto, kwenye nywele za mtoto wake, na hali chakula. Nshoma akawa anazunguka na mabomba kichwani mchana kutwa, kila mara anaifikia koki ya tatu, na kila mara nyuma yake kuna mzee na tairi. Na Machumu, yule wa pumzi, akawa anahema akiwa amekaa kwenye kiti. Karandinga la polisi likipita barabarani, anasimama mwenyewe na kunyoosha mikono.

Meneja Kajura akawaita ofisini. Mbele yake palikuwa na karatasi moja na kalamu moja.

"Kampuni inaheshimu mkataba," akasema. "Tendo ni moja, wakili ni mmoja. Naye ameniambia hawezi kuwabeba watatu, kwa sababu akimtetea mmoja itabidi awanyooshee kidole wawili waliobaki. Nileteeni jina moja kesho saa nne. Msipoleta, nitahesabu kwamba mlikuwa nje ya kazi, wote."

"Na hao wawili?" Nshoma akauliza.

"Mama, kifungu hicho kina alama ya dole lako chini yake."

Mtu wa namna hii hajibiwi, unamtazama tu mpaka aone haya. Kajura hakuona haya.

Jioni wakakaa uani kwa Nshoma, na wale waliopona wakaja, wakakaa chini. Kijana mmoja aliyejua kusoma akasoma karatasi za kazi. Ya Bugingo: apasue samaki, na atoe taarifa ya hatari yoyote mara moja kwa msimamizi. Ya Nshoma: asafishe sakafu, kuta na mabomba. Ya Machumu: alinde mali na watu wa kampuni, asiingie chumba cha mitambo.

"Basi ni mimi," Bugingo akasema. "Kutoa taarifa ni kazi yangu, imeandikwa. Msimamizi hakuwepo, nimwambie nani, sangara? Na polisi wanasema mimi ndiye niliyeamuru. Mwenye kuamuru ndiye mkubwa wa kosa, jamani. Nina watoto wanne na mama yao yuko kaburini."

"Kaka Bugingo, wewe ulisema tu nje," Nshoma akajibu. "Hukujua nje ni wapi. Mimi nilijua. Hakimu akiniuliza, 'Ulijua kuna mtu?' nitasema nini? Siwezi kudanganya, na nikisema kweli nimekwisha. Mabomba yamo kwenye karatasi yangu. Na mtoto huyu mapajani bado ananyonya."

Machumu akatafuta pumzi kwanza.

"Mwanangu, wewe ulisema. Huyu alisema. Maneno hayana alama za vidole. Koki ina za kwangu. Niliingia kulinda watu, nayo ni kazi yangu, kwenye mlango nisioruhusiwa, nayo si kazi yangu. Wakili akisimama upande wenu, mimi nazeekea gerezani."

"Ulinisikia niliposema upige kelele kwanza?" Nshoma akauliza taratibu.

Machumu akainamisha kichwa. "Nilisikia 'ya tatu.' Wallahi nilisikia 'ya tatu' tu."

Hakuna aliyemwambia mwongo. Hakuna aliyemwambia mkweli.

Kisha akaingia mjane wa mzee Masatu. Wote watatu wakasimama. Akawatazama mmoja mmoja.

"Sikuja kugombana," akasema. "Nimekuja kuona jina mtakaloandika. Aliyekuwa na ufunguo simwoni hapa. Aliyeacha koki ya pili ile kutu simwoni hapa. Nawaona waoga watatu na karatasi."

Akakaa chini pamoja na wale waliopona.

Karatasi ipo katikati, jiwe juu yake isipeperuke. Asiyeandikwa atasimama kizimbani peke yake, na wakili wa mwenzake atamnyooshea kidole. Wakiacha tupu, wanaanguka wote. Bugingo akaigusa kalamu akairudisha. Nshoma hakuigusa. Machumu akasema, "Waandike waliopona."

Sasa wewe unayenisikiliza, jihesabu mmoja wa wale waliolala sakafuni na aproni puani. Pumzi unayovuta sasa uliipata kwa pua ya mmoja, kichwa cha mwingine na kifua cha wa tatu. Mjane amekaa karibu yako, bega kwa bega, anaangalia mkono wako.

Kalamu hiyo hapo. Unaandika jina la nani?