Kwa Nini Kivuta Zulia Husukumwa kwa Goti

Zamani hizo, kabla babu wa babu zetu hawajaota ndevu, mazulia ya mji wa Sengeni yalivutwa kwa kucha. Mafundi walipiga magoti safu nzima, wakang'ang'ania ukingo, wakavuta hadi mikunjo ikaisha, ndipo misumari ikapigiliwa. Kazi hiyo ilikula vidole. Fundi aliyeshindwa kukunja ngumi alitolewa nyumbani kwake akavushwa ng'ambo ya mto, asirudi. Ndivyo alivyotaka Jumbe Mwinyikondo: mkono usiovuta usile.

Katika mji huo aliishi Mize binti Shomari, fundi asiye na mfano. Siku dada yake Nunu alipovushwa, Mize alisimama ukingoni akiutazama mtumbwi ukizidi kuwa mdogo, wala hakulia. Hasira ilikuwa imemkausha machozi. Miaka mitatu baadaye vidole vyake mwenyewe vikaanza kukataa kazi.

Mwinyikai, msimamizi wa mafundi, akaja mlangoni. "Bi Mize, mtumbwi unakungoja," alisema kwa upole.

"Basi na uende mtupu. Vidole ndivyo vilivyonishinda, zulia halijanishinda."

"Utavuta kwa nini sasa, kwa meno?"

"Hata kwa meno."

Mwinyikai alicheka, akampelekea Jumbe maneno hayo. Jumbe hakucheka. Aliamuru Mize atandike zulia jipya la baraza peke yake, siku ya saba. Ukibaki mkunjo mmoja, atavuka yeye na mafundi wote wenye mvi.

Mize akachukua chanuo la chuma la kuchania sufu, akalifunga kwenye mpini mfupi, akalikita kwenye zulia kuukuu la nyumbani kwake. Akavuta. Vidole vikaachia. Akavuta tena, vikaachia tena. Kwa ghadhabu, akiwa pale pale chini, akaupiga mpini goti, na zulia likasogea mbele upana wa kidole. Mize akalitazama goti lake kana kwamba ni la mtu mwingine.

Lakini meno marefu yalitoboa na kuchana. Akayapiga tupa yakawa mafupi, akayainamisha mbele yashike bila kuuma. Ncha ya mpini nayo ilimtia goti uvimbe, hata siku ya tano hakuweza kusimama. Akashona mfuko wa ngozi, akaushindilia makumbi ya nazi, akaufunga nyuma ya mpini. Akajifunza pia kupiga kwa nyama iliyo juu ya goti, si kwa mfupa.

Siku ya saba baraza lilijaa watu. Mize akainama, akaelekea ukutani, akampa Jumbe mgongo. Watu wakaguna, maana hakuna aliyewahi kuthubutu.

"Mgeukie Jumbe!" Mwinyikai akanong'ona.

"Zulia linavutwa kuelekea ukutani," Mize akajibu kwa sauti ya kusikika na wote. "Yeye nitamtazama nikimaliza."

Du! Du! Goti likalia ukuta hadi ukuta. Alipomaliza, Jumbe alivua viatu, akapita pembe zote kwa nyayo tupu. Hakuona mkunjo.

"Nipe chombo hicho," alisema, "nawe ubaki mjini."

"Warudi kwanza waliovushwa."

"Nikikataa?"

Mize akakikita chombo pembeni mwa zulia, karibu na misumari. "Nitaling'oa. Halafu utafute mkono wa kulinyoosha."

Jumbe akawageukia mafundi. Mmoja mmoja, wakaficha mikono yao nyuma ya migongo. Hata Mwinyikai, baada ya kusitasita, akaificha yake. Mwishowe Jumbe akavaa viatu vyake, akaagiza mitumbwi ishushwe majini. Nunu alirudi katika mtumbwi wa tatu, amekonda, na Mize akamkumbatia kwa viganja maana vidole havikukunjika.

Na tangu siku hiyo kivuta zulia kina meno mafupi yaliyoinamia mbele, shingo fupi, na mto mnene nyuma. Ukimwona fundi leo akitandika sebule ya mkubwa, atampa mwenye nyumba mgongo, apige goti lake, du! wala haombi radhi.