Chatu Amsindikiza Mgeni Wake

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Hapo kale palikuwa na nini?"

"Msitu!"

"Misitu mingapi?"

"Mmoja!"

"Nani kawaambia? Ilikuwa miwili. Sogeeni basi, na anayepiga miayo akae nyuma."

Zamani ulikuwa msitu mmoja, kule milimani kwenye mashamba ya chai. Wakaja watu wakapitisha barabara ya malori katikati, msitu ukawa vipande viwili, cha huku na cha ng'ambo. Cha huku kilikuwa kidogo hata ukipiga chafya mwanzoni, wa mwishoni wanakuitikia "Afya!"

Basi katika kipande cha huku alikaa Bi Kidawa, kinyonga mwari, na shida yake ilikuwa moja: hakuwa na wa kumwoa. Dume wa mti huu ni kaka yake. Dume wa mti ule ni binamu yake. Dume wa kule bondeni ni kaka yake na binamu yake pia, msiniulize imekuwaje. Mayai yaliyotagwa mwaka ule hayakuanguliwa hata moja. Kila akipita penye mayai yale Bi Kidawa aliumia moyo, akasema, "Nisipovuka, ukoo wetu umekwisha."

Avuke wapi? Juu barabarani malori ya chai, vuuum! vuuum! Shangazi yake alijaribu, akawa bapa kama chapati. Chini ya barabara kulikuwa na kalavati, lile bomba la zege la kupitishia maji, na ndani ya kalavati alijilaza Chatu. Panya akipita, kwapu! Kamezwa. Sungura akipita, kwapu! Kamezwa. Paa mwenyewe na miguu yake, kwapu!

Siku moja Hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa anayeruka kote kote, akamletea Bi Kidawa habari. "Ng'ambo kuna madume watatu hawana wake. Lakini Chatu..."

"Chatu husemaje akishiba?"

"Hujisifu tu. Ati yeye muungwana, hajawahi kumla mgeni. Anakula wapita njia wasiobisha hodi."

"Na nani amewahi kumbishia hodi?"

"Nani mwenye wazimu huo? Wote hunyata kimyakimya."

Bi Kidawa akageuka rangi kwa furaha. "Kawaambie wanyama wa pande zote mbili wajifiche karibu na kalavati. Wakimwona Chatu katoka, wapite."

Asubuhi akafika mlangoni. "Hodi! Hodi wenyewe! Hodi!"

Chatu alikuwa na usingizi. Ulimi hauna mfupa, na wa Chatu una ncha mbili, ukateleza. "Karibu!"

Alipomwona kinyonga, akajuta. Lakini keshakaribisha, na Hondohondo yuko juu anasikiliza, ngaa! ngaa! Akisikia yeye, wamesikia wote.

"Starehe, mwenyeji wangu," akasema Bi Kidawa. "Sikai, nina safari ya ng'ambo. Nisindikize kidogo tu, kama waungwana wafanyavyo."

Chatu akawaza: mgeni akishasema kwaheri si mgeni tena, ni kitoweo. Mate yakamjaa. "Twende, mgeni wangu, twende!"

Wakatokea upande wa pili, wakashika kijia cha kwenda kwenye mti wa kwanza. Si mbali, hatua ishirini za mtu. Lakini kinyonga anatembeaje? Nyata, yumba. Nyata, yumba. Mguu unakwenda mbele, unafikiri, unarudi nusu. Tembeeni naye, jamani! Nyata, yumba.

Nyuma yao, tiki tiki tiki! Paa wanavuka.

"Mgeni, nasikia harufu ya paa."

"Mwenyeji hampi mgeni kisogo njiani," akasema Bi Kidawa. Nyata, yumba.

Gudu gudu gudu! Nguruwe mwitu na wanawe.

"Mgeni, si uniage tu hapa?"

"Bado kidogo. Kwetu tunaagana mtini." Nyata, yumba.

Chatu alitaka nguruwe, na alimtaka kinyonga pia. Akasema moyoni, nimmeze kwanza huyu, kisha nirudi kwa wale. Kro, kro, kro, kobe wakavuka na nyumba zao mgongoni. Kenge wakavuka, vyura wakavuka, chupwi chupwi. Wa huku wakaenda ng'ambo, wa ng'ambo wakaja huku, na wajukuu wakawaona mababu waliokuwa wakiwasikia kwa majina tu.

Jua lilikuwa linateremka Bi Kidawa alipoushika mti. Akapanda, nyata, yumba, mpaka kwenye kijiti cha mwisho kabisa, kile kisichobeba hata nzige. Ndipo akasema, "Kwaheri, mwenyeji wangu. Umenisindikiza kiungwana."

"Kwaheri!" Kwapu! Chatu akajirusha, tawi la chini likamkatikia, akaanguka pu! mdomo umejaa majani.

Kinyonga, mnajua, ana macho mawili yasiyosikilizana. Jicho moja lilimtazama Chatu akitema majani. La pili lilikuwa limeshafika tawi la juu, kwa dume mwenye pembe mbili puani.

"Wewe ni mtoto wa nani?" akauliza yule dume.

Bi Kidawa akamtajia baba, babu, na babu mzaa babu.

"Simjui hata mmoja," dume akasema.

"Na mimi wa kwenu siwajui!" Bi Kidawa akacheka, akageuka kijani, akageuka manjano, machozi yakamtoka. Tangu azaliwe hakuwa amesikia neno tamu kama hilo.

Na Chatu? Kesho yake akaja paa: hodi! Akaja kobe: hodi! Akasindikiza kutwa, akakonda akawa kama kamba ya kuanikia nguo. Siku ya tatu akahama kalavati, akaapa popote atakapokaa hatajibu hodi tena. Ndiyo maana mpaka leo chatu ukimbishia hodi, anakutazama tu.

Mnataka funzo? Funzo ni hili: mgeni asisindikizwe. Na wewe unayekwenda polepole, acha ujinga, kimbia, la sivyo hutafika popote.

Hadithi yangu imeshavuka. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Chatu, ana njaa.