Sitara ya Bi Lubaba

Imetufikia kutoka kwa watu wa milimani, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika nchi ya Khurasani, zamani za waja wema, palikuwa na kijiji kilichojengwa ubavuni mwa mlima, nyumba juu ya nyumba, hata paa la huyu likawa ua wa yule. Majira ya baridi theluji ilishuka ikafunga njia kwa miezi mitatu. Kondoo waliingizwa vyumba vya chini, watu wakalala vyumba vya juu, na joto la kondoo likapanda kuwapasha wenye nyumba.

Humo aliishi mjane mcha Mungu, Bi Lubaba binti Hazim, pamoja na binti yake wa pekee, Durra. Wengine waliichukia baridi; yeye aliipenda. Alikuwa akisema, "Kiangazi hunitawanya mashambani. Baridi hunikusanya nyumbani kwangu." Akishaswali alfajiri, huchochea moto akateleka harisa, ule uji mzito wa ngano na nyama ambao watu wa pwani yetu huuita bokoboko. Akishafunika chungu, huketi kwenye kitanda chake cha kufumia. Chungu kikatokota huku, kitanda kikagonga kule, na ulimi wake katikati ukamtaja Mola wake. Waliopita nje walijua saa kwa mlio wa kitanda kile, na walijua siku kwa harufu ya chungu, kwa kuwa Ijumaa alizidisha mdalasini.

Jirani yake wa mlango wa pili aliitwa Bi Hunayda, mjane kama yeye, mwenye ulimi mkali na nyumba baridi. Majira mawili yalikuwa yamepita wawili hao hawasemezani. Ugomvi wao, Mungu awasamehe wote, ulikuwa wa chumvi: Bi Hunayda aliionja harisa mbele ya watu akasema, "Tamu, lakini aliyeipika alikuwa na haraka ya kwenda wapi, hata akasahau chumvi?" Watu walicheka. Bi Lubaba hakucheka.

Na katika kijiji kile palikuwa na ada. Harusi zao zilifungwa wakati wa theluji, kwa kuwa majira mengine wachungaji walikuwa juu malishoni. Bibi harusi akitoka kwao hufunikwa blanketi pana la sufu alilofumiwa na mama yake, akatembea chini yake mpaka mlango wa mumewe. Blanketi hilo waliliita sitara. Msichana asiye nayo alihesabiwa kuwa ametoka kwao wazi, na nyumba zenye kujiheshimu hazikumpokea.

Durra alikuwa amechumbiwa na mchungaji aitwaye Wasil, na alikuwa amengoja majira mawili. Mwaka wa kwanza njia ilifungwa mapema, Wasil akabaki upande wa pili wa mlima. Mwaka wa pili alifiwa na baba.

Basi mwanzoni mwa baridi ya mwaka wa tatu, vidole vya Bi Lubaba vilivimba. Hakuweza kusokota sufu, wala kushika mwiko. Alivipaka mafuta ya kondoo, akavifunga vitambaa, wapi! Siku moja asubuhi maumivu yalipomzidi, akaketi mbele ya kitanda chake kilichonyamaza, akainua mikono yake na kusema kwa sauti, "Ee Mola wangu, ukinirudishia vidole hivi, basi nguo ya kwanza nitakayoikata kwenye kitanda hiki ni ya mtu wa kwanza atakayebisha hodi mlangoni pangu baada ya kuikata, awe nani awe nani."

Kesho yake alipoamka, uvimbe ulikuwa umeshuka. Akakunja vidole, akavikunjua, akacheka peke yake. Na katika furaha hiyo akajisemea, "Nitaanza na shali dogo, kazi ya asubuhi moja, nadhiri yangu itimie. Kisha nianze sitara ya mwanangu."

Lakini mchana ule ule ikaja habari kutoka kwa mama wa Wasil: kijana ameshuka salama, na harusi ni Alhamisi ya wiki ya pili. Durra alipiga kigelegele kabla ya kukumbuka kwamba bibi harusi hapaswi kujipigia mwenyewe. Bi Lubaba akakusanya sufu yote iliyokuwamo ndani, akatanda nyuzi za upana wa kitanda kizima, na tangu saa ile akafuma. Alifuma kwa uzi mwekundu, pindo akalitia rangi ya maganda ya komamanga. Alikuwa na haraka na alikuwa na furaha, na baina ya hivyo viwili shali likatoka kichwani mwake, na nadhiri ikatoka pamoja nalo.

Jumapili iliyotangulia harusi akafika mwisho. Akashika mkasi, akasema Bismillahi, akakata uzi wa mwisho, na sitara ikaanguka mapajani mwake, nzito na yenye joto kama mtoto aliyelala.

Hapo hapo mlango ukabishwa.

"Hodi!"

"Karibu," akajibu Durra kutoka jikoni.

Mlangoni alikuwa Bi Hunayda, theluji imemfika magotini, ameshika kigae cha chungu mkononi.

"Assalamu alaykum," akasema, macho ameyaelekeza ukutani. "Moto wangu umezimika. Nimejaribu mlango wa juu, theluji imeuziba. Msidhani nimewapenda. Nahitaji makaa."

Durra akafunika mdomo kwa ukingo wa mtandio wake. Akajaza kigae makaa, akaongeza na kijiti kikavu juu. Lakini Bi Lubaba alikuwa amesimama na mkasi mkononi, uso umempauka, kwa sababu nadhiri yake ilikuwa imemrudia, neno kwa neno. Bi Hunayda alimtazama, akatikisa kichwa, akaenda zake na moto wake.

"Mama, umeona jini?"

"Keti, mwanangu," akasema Bi Lubaba, akamweleza yote.

Durra alisikiliza. Kwanza alicheka, akidhani ni mzaha. Alipoona mama yake hacheki, akaishika sitara kwa mikono miwili. "Mama, wewe mwenyewe umesema ulikusudia shali. Fuma shali umpe. Tena hilo ni jingi kwake, yule!"

"Ndivyo na mimi navyotaka iwe," akasema mama yake. "Twende kwa sheikh."

Sheikh Mutarrif alikuwa mwalimu wa kijiji, mzee aliyekuwa akifundisha huku amekumbatia chungu cha makaa. Alisikiliza mpaka mwisho. "Bi Lubaba," akasema, "nadhiri hufuata nia. Kama saa ile uliyotamka ulikusudia shali, fuma shali umpe, na sitara ni ya mwanao, halali kabisa. Kama ulikusudia nguo yoyote itakayotangulia, jibu unalo. Ulikusudia ipi?"

Durra akaukamata upindo wa nguo ya mama yake.

"Nikisema shali," akauliza Bi Lubaba taratibu, "ni nani atakayenikanusha?"

"Katika sisi watatu," akasema sheikh, "hakuna."

Bi Lubaba akahesabu moyoni. Sufu ilikwisha nyumbani. Kondoo hawatakatwa manyoya mpaka theluji iyeyuke, na ikiyeyuka Wasil atapanda malishoni, na Durra atangoja mwaka mwingine. Neno moja tu, shali, lilitosha kuyaondoa hayo yote. Akavitazama vidole vyake, akavikunja na kuvikunjua.

"Sheikh, siku ile viliniuma hata ningeahidi nyumba na kondoo wote waliomo. Sikufikiria shali. Shali nililifikiria kesho yake, maumivu yalipoondoka."

Sheikh akainamisha kichwa. "Basi Mungu akutangulie," akasema.

Njiani Durra alitangulia mbele, akipiga theluji kwa mateke. Walipokaribia nyumbani akasimama, akageuka, uso umelowa. "Ungesema shali, mama, ningetembea chini ya sitara ile nikijua si haki yangu. Najua ningejua. Lakini nimekasirika."

"Kasirika, mwanangu. Ukimaliza, unisaidie kuikunja."

Wakaikunja wote wawili, wakapakua na bakuli la harisa, wakaenda mlango wa pili. Bi Hunayda akafungua kidogo, akaona furushi, akaona bakuli. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, jirani. Tumekuletea haki yako." Bi Lubaba akamsimulia habari ya vidole, na nadhiri, na hodi.

"Bi Lubaba, mimi nilikuja kuomba moto."

"Moto uliupata. Hii umepewa na Mwenyezi Mungu. Mimi ni mchukuzi tu."

Bi Hunayda akaweka kiganja juu ya sufu ile. Akakipitisha kwenye pindo la komamanga, mara moja, mara ya pili. Kisha akachukua furushi, akachukua na bakuli, akafunga mlango.

"Hata asante, mama?"

"Hatukuifuata asante," akajibu Bi Lubaba, ingawa yeye pia alikuwa ameitegea sikio.

Habari ikapelekwa kwa mama wa Wasil, naye akarudisha jibu la upole: binti ni mwema, na mama ni mwema, lakini nyumba yetu haijapata kumpokea bibi harusi asiye na sitara, tungoje mwakani. Durra akalia siku ile na nusu ya siku iliyofuata. Bi Lubaba akasema, "Alhamdulillahi kwa kila hali." Na Jumatano akaloweka ngano ya karamu kama alivyokuwa amepanga.

"Ya nani hiyo?" akauliza Durra.

"Ya majirani. Harusi iwepo isiwepo, mwanangu, watu wana matumbo."

Alhamisi mchana jua lilitoka. Theluji ikang'aa mpaka watu wakafinya macho. Chungu kikubwa kilikuwa motoni, na Durra alikuwa akiponda ngano kwa nguvu kuliko ilivyohitaji, mlango ulipobishwa, na kabla ya mtu kujibu ukafunguka. Akaingia Bi Hunayda, amejitanda sitara nyekundu tangu kichwani mpaka magotini.

"Bibi harusi yuko wapi?" akauliza. "Na mbona mikono ina ngano badala ya hina?"

"Hakuna harusi, Bi Hunayda," akasema Durra. "Sitara ni yako."

"Ni yangu, ndiyo. Nimeilalia siku nne, na tangu nizaliwe sijalala hivyo." Akashika pindo la komamanga, na sauti yake ikawa nyingine. "Mimi nilipoolewa mama yangu alikuwa kaburini. Nilitembea kichwa wazi, mtaa mzima, theluji ikiniingia shingoni, na watu wakitazama pembeni kwa kunionea haya. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa maskini, ndiyo maana kwao walinipokea. Sikupata kumwambia mtu. Jumapili ulipoweka sitara mikononi mwangu, Bi Lubaba, nilifunga mlango kwa sababu nilikuwa nalia, na mimi silii mbele za watu."

Bi Lubaba akasogea, lakini Bi Hunayda akainua mkono. "Ngoja, sijamaliza. Neno lenyewe ni sitara. Nikikaa nayo ndani peke yangu, ni blanketi tu. Leo nataka kutembea nayo mpaka kwa Wasil. Ni yangu, nami naitumia nipendavyo. Na ni pana. Anayetaka kusitirika, asogee."

Durra alitupa mchi. Hina haikuwahi kukauka vizuri, na kijiji kizima kilitoka juu ya mapaa kikiwa kimeshika matari, maana habari ziliruka kutoka paa hadi paa. Wakatembea watatu chini ya sitara moja, bibi harusi katikati, mama kushoto, jirani kulia. Ilikuwa pana, lakini si ya watatu. Walikanyagana, wakavutana, Bi Hunayda akawa anasema, "Taratibu, Bi Lubaba, leo pia una haraka ya kwenda wapi?" na Bi Lubaba akacheka mpaka ikabidi wasimame.

Mama wa Wasil alikuwa mlangoni, ameshika kiuno.

"Sitara hii ni ya nani?"

"Yangu," akasema Bi Hunayda.

"Imefumwa na nani?"

"Na mama yake bibi harusi, kila uzi wake. Ada imesema mama afume. Nani ameisikia ikisema lazima iwe mali ya binti?"

Mama wa Wasil akafikiri. Akatazama miguu sita iliyochomoza chini ya sufu nyekundu. "Lakini mimi niliomba mkwe mmoja!"

"Chukua wa katikati," akajibu Bi Hunayda. "Sisi wa pembeni tumeshatumika."

Hata wanaume, waliokuwa wamekwisha kusanyika ndani na Sheikh Mutarrif kwa kusikia habari, walisikika wakicheka. Durra akavutwa ndani kwa mkono, na nikahi ikafungwa alasiri ile.

Bi Hunayda aliikunja sitara yake akarudi nayo nyumbani. Lakini majira yaliyofuata alisikia juu ya msichana yatima wa nyumba za chini, aliyechumbiwa na asiye na wa kumfumia. Hakungoja kuombwa. Akajitanda, akashuka, akabisha hodi. Na baada ya huyo, mwingine, ambaye mama yake alikuwa amepofuka. Ikawa kila binti asiye na sitara hutembea chini ya ile nyekundu, Bi Hunayda yuko ubavuni mwake akimtania mpaka mlangoni. Pindo likichakaa, Bi Lubaba alilifuma upya. Wazee wa kijiji kile walisema kwamba tangu mwaka ule hakuna binti aliyetoka kwao kichwa wazi.

Ndugu zangu katika imani, Mwenyezi Mungu amewasifu katika Kitabu chake waja wanaotimiza nadhiri zao. Bi Lubaba alisimama mahali ambapo hapakuwa na shahidi juu ya moyo wake isipokuwa yeye na Muumba wake, na hapo ndipo aliposema kweli. Alidhani anamnyima mwanawe sitara moja. Kumbe Mola wake alikuwa akiwafumia mabinti wa kijiji kizima. Tumwombe naye atusitiri, hapa duniani na siku ile ambayo hakuna atakayejisitiri mwenyewe. Amina.