Bata Mweusi na Ufunguo Mmoja

Mwenye masikio ayatege. Mwenye usingizi alale na sikio moja.

Binamu watatu wa Kipemba walikuwa mbali sana, ughaibuni, kwenye pwani ambako hata bahari hutetemeka kwa baridi. Kombo alikuwa na macho yanayookota kitu kabla hakijaonekana. Mize alikuwa na subira ya wakulima wa mwani, wanaongoja maji yatoke na hawayafokei. Sichana alikuwa na elimu: digrii ya wanyama, first class, na nyumbani kila ofisi ikamwambia tutakupigia. Simu ikafa betri ikingoja.

Kiwanda cha samaki walikofanya kazi kilipowafungia mlango, ilibaki kazi moja tu: kulinda ndege ufuoni majira ya baridi, na kulala peke yako kibandani. Ambaye angeipata angebaki na kibali cha kuishi huko; wengine, kwaheri. Msimamizi, mama mmoja mkavu, akawaambia kuna bata mgeni baharini. Wamtaje jina, huo ndio mtihani wa kazi.

Walikuwa na darubini moja. Kombo hakuihitaji. Alionyesha nukta nyeusi kati ya mawimbi, mahali wenzake walipoona maji matupu. Kisha, Mpemba gani angesema vingine, akatangaza kuwa ni mnandi, yule mzamiaji mweusi wa kwao, akaanza kuondoka.

"Kaa chini, we Kombo," Mize akasema. "Mnandi akishazamia hupanda jiwe akaanika mbawa kama nguo. Huyu katoka majini saa ngapi?"

Akakaa yeye Mize, anamtazama ndege. Mvua ya mawe ikampiga mabegani, hakusogea. Mwishowe ndege akainuka juu ya maji, akajikung'uta, na bawa likaonyesha kiraka cheupe. Akalifunga. Akawa mweusi tena.

Sichana akaibuka. Bata weusi wa namna hii wako wengi, akasema, lakini mwenye kiraka kile bawani hapa ni mmoja: velvet scoter, bata mahameli. Hukimbilia pwani hizi baridi ikikaza kwao.

"Correct," akasema msimamizi. Akaweka ufunguo wa kibanda juu ya jiwe.

Kombo akadai bila macho yake wangetaja povu. Mize akamkumbusha mnandi wake. Sichana alitaka kusema kiraka bila jina ni kiraka tu, akaishia kuutazama ufunguo. Aliitaka kazi ile kuliko chakula. Ila alikwisha kuiona jioni ya kwanza: chai ya mtu mmoja, na hakuna wa kumwambia hujambo.

Haya, nyinyi mlioshiba na kuzungukwa na watu: ufunguo ule mngempa nani? Na mkishampa, mmemzawadia au mmemfunga?